Tambi za mboga za haraka kwa siku za kazi: rojo kwanza, tambi mwisho kabisa

Kama ulishajaribu zile tambi za zukini (mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, inakatwa nyuzi ndefu kama spageti) unazoziona mtandaoni zinang'aa kwenye sahani, alafu zako zikaishia kuwa supu ya kijani, tatizo sio mkono wako, tatizo ni kwamba ulizipika kama spageti. Spageti ni unga mkavu, kazi yake kunywa maji. Mboga yenyewe imejaa maji tayari, zukini peke yake ni karibu asilimia 95 maji, kwa hiyo ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka au ukaiacha itokote kwenye rojo jepesi na mfuniko juu, haina pa kuyapeleka hayo maji zaidi ya kuyamwaga kwenye chakula chako. Ukilishika hilo moja mengine yote mepesi: rojo linapikwa kwanza tena mpaka likauke, tambi zinaingia mwisho kabisa, dakika moja mbili, unapakua mnakula. Hazisubiri mtu. Kama kuna anayeoga aitwe kabla hujazitia jikoni.

Kwanini mtu ahangaike nazo? Gramu 100 za spageti iliyoiva zina kalori kama 158 na wanga gramu 31 hivi, zukini mbichi uzito huohuo kalori 17 na wanga gramu 3, karoti iko hapo katikati, kalori 41 na wanga gramu 10. Kwa hiyo mwenye sukari aliyeambiwa apunguze wanga usiku anaona mwenyewe tofauti ilivyo (ila sio dawa jamani, vidonge vyako unaendelea navyo kama ulivyoelekezwa). Mi sababu yangu ni ya kivivu tu. Umetoka kazini, foleni imekula saa nzima, hutaki kusimama unasubiri sufuria la maji lichemke, na kwenye friji kuna karoti nne na nusu kabichi zinaanza kunywea. Hizo ndo tambi zako.

Hizo kalori chache zina upande wa pili lakini na watu hawausemi. Ukila tambi za mboga na nyanya tu, saa nne usiku uko jikoni unatafuta mkate. Lazima ziandamane na kitu cha kushikilia tumbo, nyama, mayai, samaki, dagaa, kunde, karanga, na mafuta kidogo au tui. Usiogope tui.

Sasa mboga gani? Karoti ndo mwalimu mzuri kwa anayeanza, ngumu, haimwagi maji mengi, haiharibiki ukichelewa dakika mbili na iko kila genge. Kabichi ni ya pili, rahisi kuliko zote kwa bei na haihitaji kifaa chochote zaidi ya kisu kikali. Zukini ni tamu na inateleza vizuri ila ndo yenye maringo, na haipatikani kila mahali, kwa Dar unaikuta soko la Kisutu na supamaketi, kwa walioko Arusha na Lushoto huko mboga za ubaridi zinakolimwa hata msinisikilize. Usipoipata, chukua mumunye changa, lile ambalo ukucha unaingia kwenye ganda bila kutumia nguvu, menya, tumia nyama ya nje tu na ule moyo wa mbegu tupa. Kabla hujakata mumunye au zukini yoyote ile, lamba kipande kibichi. Ikiwa chungu, yani chungu kweli ya kukunja uso, tupa yote, usijidanganye kwamba itaisha kwenye moto. Ule uchungu ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, haiondoki kwa kupika na inaumiza tumbo vibaya. Viazi vitamu vinafaa pia ila hivyo ni wanga, vinashibisha, usivihesabu kama mboga ya majani. Tango ni la kuliwa bichi tu. Na papai bichi, hilo nina mengi ya kulisema huko chini.

Vifaa. Kuna kale kamashine kanakozungusha mboga kama kichongeo cha penseli, kakitoa nyuzi ndefu mpaka unaona raha, ukiwa nako vizuri, ukiwa huna usiende kununua kwanza. Gireta ile ya pande nne inatosha: ilaze chali juu ya kibao, upande wa matundu makubwa, alafu sukuma karoti kwa urefu wake wote kwa mkupuo mmoja, inua, rudi mwanzo, sukuma tena. Usiende mbele nyuma mbele nyuma, hapo unapata chenga za kachumbari sio tambi.

Njia ninayoipenda mi ni kile kisu cha kumenyea viazi. Karoti menya ganda kwanza, ilaze kwenye kibao, ishike ncha nyembamba, pitisha kisu toka kichwani mpaka chini kwa mkandamizo uleule, unapata utepe mmoja mrefu mwembamba unaopitisha mwanga. Usirudie hapohapo. Izungushe karoti kidogo, pitisha tena, zungusha, pitisha, ukifika kwenye moyo ule uliopauka acha, huo mgumu, weka kwenye supu ya kesho au tafuna hapohapo. Alafu panga tepe tano sita moja juu ya nyingine, pitisha kisu cha kawaida kwa urefu mara mbili tatu, tayari una nyuzi. Karoti tatu kubwa zinachukua muda kama wa kukaanga kitunguu mpaka kiwe cha rangi ya dhahabu, kwa hiyo unafanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Kabichi unaikata mapande manne, ule mti wa katikati unautoa, alafu unalaza pande na kukata nyembamba kwa upande mrefu, wembamba wa tambi kweli, sio ule wa kabichi la kukaangia ugali.

Kiasi: mtu mzima mmoja anakula zukini moja kubwa au karoti mbili kubwa. Ukiangalia bakuli utaona umekata milima, usishtuke, ikipata moto inanywea sana hasa zukini na kabichi.

Haya, hatua zenyewe, hizi zinafanya kazi kwa karibu mapishi yote yanayofuata.

Hatua ya 1. Kata mboga, na kama ni zukini au mumunye tia chumvi nusu kijiko cha chai kwa zukini mbili, changanya kwa mkono, weka kwenye chujio juu ya bakuli na usahau kwa dakika 10 mpaka 15. Karoti na kabichi hazihitaji hii.

Hatua ya 2. Wakati mboga inalia machozi yake huko, pika rojo. Hapa ndo penye kazi. Rojo lako liwe zito kuliko unavyodhani linatakiwa. Namna ya kujua: vuta mwiko katikati ya kikaango mpaka uone chuma, ule mfereji ukijifunga papohapo bado kuna maji, endelea. Ukikaa wazi mpaka uhesabu moja, mbili, tatu ndo uanze kujifunga polepole, limefika. Na chumvi ya rojo iwe pungufu kwa sababu mboga inakuja na yake.

Hatua ya 3. Rudi kwenye zukini. Kusanya kwenye kitambaa kisafi cha jikoni, sokota, kamua kama unakamua tui. Usiionee huruma. Hayo maji yanayotoka hapo ndo yangekuwa kwenye sahani yako.

Hatua ya 4. Moto juu, rojo likiwa linachemka tia tambi, geuza kwa uma mbili au koleo, sio kwa mwiko maana utazivunja, na usifunike. Zukini dakika moja hadi mbili. Karoti tatu hadi nne. Kabichi nne hadi tano. Onja uzi mmoja, ukiwa umelainika nje ila ndani bado unagoma kidogo, zima. Zitaendelea kuiva zenyewe kwenye sahani. Ndimu na kotimiri unaweka baada ya kuzima moto.

Ukishaziweza hizo, haya ndo mapishi ninayozunguka nayo Jumatatu mpaka Ijumaa.

La kwanza ni nyama ya kusaga na karoti na kabichi, la watu wanne. Nyama nusu kilo, weka kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mkubwa, ivunjevunje. Itatoa maji kwanza, acha, yakikauka itaanza kulia kwa mafuta yake yenyewe na kushika rangi chini, hapo ndo utie kitunguu kimoja kikubwa, baadae swaumu na tangawizi, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, alafu nyanya tatu zilizoiva na hoho. Watu wengi wanatia nyanya nyama ikiwa bado iko kwenye maji yake, inakuwa imechemshwa, harufu yake haiishi. Nyanya zikishasagika na kukauka mpaka mafuta yatokee pembeni, tia kabichi robo ya kichwa, baada ya dakika moja tia nyuzi za karoti tatu, geuza geuza, ndimu, pilipili mbuzi kwa wanaoiweza. Ukiwa na soya sosi kijiko kimoja kinaingia hapa na inapendeza, ila basi chumvi punguza tena.

Huna nyama? Dagaa. Wale wa Kigoma wakavu, toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu mchanga uishe, wakaushe, wakaange pembeni wawe wakavu wa kuvunjika, na usiwatie kwenye rojo, wanyunyize juu wakati wa kupakua. Ule mkwaruzo wao juu ya tambi laini ndo utamu wenyewe, ukiwapika ndani wanalainika na shughuli inaisha.

La pili ni zukini za tui na kamba, hili hata mgeni akibisha hodi ghafla huaibiki. Kosa la kwanza la watu hapa ni kutia tui jepesi. Tulivyofundishwa nyumbani, tui la pili unapikia, tui la kwanza unamalizia, sasa kwa tambi za mboga hilo la pili liache kabisa, wekea wali wa kesho. Chukua tui zito tu, kikombe kimoja kwa watu watatu, la kukuna au la pakiti sawa tu, siku ya kazi nani ana muda wa kukaa kwenye mbuzi. Kamba robo kilo waliomenywa, wafute wakauke, wakaange kwa mafuta kidogo na swaumu upande mmoja mmoja mpaka wageuke rangi ya waridi, inachukua dakika mbili tatu tu, watoe weka pembeni kabla hawajawa mpira. Kwenye kikaango hichohicho usioshe, tia kitunguu, tangawizi, manjano robo kijiko cha chai, nyanya moja tu ya kukwaruza, ikauke kabisa. Sasa tui, moto wa wastani, na hapa usiondoke kwenda kuangalia simu, koroga upande mmoja mpaka lichemke maana ukiliacha na moto mkali bila kukoroga linakatika, mafuta huku maji kule. Acha lipungue mpaka mfereji wa mwiko usimame. Ndo unatia zukini zako ulizokamua, moja moja zipate tui, rudisha kamba, dakika moja, zima, ndimu. Samaki wa kukaanga aliyebaki mchana anafaa badala ya kamba, mchambue miiba vizuri tu.

Kuna njia ya mkato ambayo inanisaidia kuliko mapishi yote na haihitaji hata kukata kitunguu: mchuzi mzito wa jana. Kunde za nazi zilizobaki, choroko, rojo la samaki wa kupaka, hata mchicha wa karanga, vyote hivi ukivilaza kwenye friji vinaamka vizito, na rojo zito ndo tunalolitafuta. Pasha mpaka vichemke sawasawa, tupia karoti au kabichi, dakika nne mmemaliza. Kunde za nazi na nyuzi za karoti ni chakula ambacho ningempa mtu yeyote.

Sasa papai bichi. Pwani tunalo kila uani na kazi tuliyolipa ni kulainishia nyama tu, wenzetu wa Thailand wanalila lenyewe, wanalikata nyuzi wanalitwanga kidogo na ndimu, pilipili, karanga na kamba wakavu, na linaitwa som tam. Kwa siku ya joto ambayo hutaki hata kuwasha jiko, hili ndo lenyewe. Chagua papai la kijani gumu ambalo ndani bado ni jeupe, likishaanza unjano litakuwa tamu na linavunjika. Likwangue ganda kwa juujuu na liloweke kwenye maji ule utomvu utoke, vaa mfuko wa plastiki mkononi kama ngozi yako inawasha. Menya, toa mbegu, kwaruza kwenye gireta ile ya kulaza chali, loweka nyuzi kwenye maji ya baridi sana dakika kumi, zinakakamaa, chuja na uzikaushe. Kwenye kinu au bakuli ponda swaumu punje mbili, pilipili, chumvi, sukari kijiko kimoja cha chai, ndimu mbili, nyanya moja iliyokatwa. Changanya na papai, kandamizakandamiza na mchi nyuzi zinywe, alafu karanga za kukaanga konzi moja zilizopondwa nusunusu na kuku wa jana aliyechambuliwa juu yake. Liwe la kuliwa hapohapo, ukililaza na kuku ndani ile nguvu ya kulainisha nyama inaendelea kufanya kazi na asubuhi kuku ni uji. Na wajawazito hili waliruke, wanashauriwa kukaa mbali na papai bichi, watumie tango au karoti mbichi kwa rojo hilohilo.

La viazi vitamu na mayai nalisema haraka: kata vijiti vyembamba, osha ule wanga mpaka maji yawe meupe kidogo tu, kausha, kaanga kwa mafuta vijiko viwili dakika nne, nyunyiza maji kidogo funika dakika mbili tatu (hapa ndo mahali pekee mfuniko unaruhusiwa), fungua, acha vikauke, vunja mayai juu, pilipili manga, basi. Kinashibisha kuliko vingine vyote na watoto hawakibishii.

Kuhusu watoto na wazee wa nyumbani. Usije ukawaondolea spageti siku moja ukategemea makofi. Changanya nusu kwa nusu, chemsha spageti nusu ya kawaida yako, karoti nyuzi zitie kwenye maji yaleyale dakika mbili za mwisho, chuja vyote pamoja, tia kwenye rojo. Rangi ya karoti inajificha kwenye nyanya na anayeuliza "mbona tambi zina rangi" mwambie ni karoti, usimdanganye, akigundua mwenyewe hali tena kitu chochote chekundu. Wiki zikienda unapunguza spageti unaongeza karoti. Na kama kuna mtu ambaye bila ugali hajala, mpikie ugali wake mdogo, hizi tambi ziwe mboga yake, hakuna sheria inayokataza na kwa kweli nyama ya kusaga na kabichi ile inaenda na ugali vizuri mno.

Kujiandaa: Jumapili ukiwa umekaa unaangalia mpira, kata karoti na kabichi za siku tatu nne, weka kwenye kontena lenye mfuniko, chini tandika tishu kavu inyonye unyevu, tishu ikilowa badilisha. Zukini zikishakatwa zisizidi siku mbili na usizitie chumvi mpaka siku ya kupika. Frizi sahau, zikiyeyuka zinakuwa matope. Umeme ukikatika usiku mzima, karoti zitavumilia, zukini zipike siku hiyohiyo.

Kubeba kazini kwenye kontena ni bora za karoti au kabichi. Za zukini ukizipasha kwenye mikrowevu zinamwaga maji upya hata ungezikamua vipi, kwa hiyo zikibaki asubuhi ziweke kwenye chujio zidondoke, zikatekate fupifupi, piga mayai mawili na chumvi kidogo, changanya, mimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, na usiguse mpaka kingo zishike rangi, ndo ugeuze.